Mwache Rehema adai hela yake kwanza

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika tamthilia fupi ya mapenzi ya kutazamwa kwenye simu, vipande 60, kila kimoja dakika moja na nusu. Steringi wangu ni Rehema, anasoma chuo Morogoro na anauza vitumbua hosteli ili alipe ada. Wasichana watatu wa familia zenye uwezo, Doreen na Leila wakiongozwa na Vanessa, wanamwonea. Kipande cha 7 wanammwagia maji ya kuoshea vyombo mbele ya watu kantini. Kipande cha 8 Rehema anamzaba Vanessa kofi, na papo hapo Salim, mtoto wa mwenye kampuni ya mabasi, anashuka kwenye gari na kutangaza kwamba Rehema ni mchumba wake. Niliwasomea wenzangu. Kwenye kofi walishangilia, lakini kufika kipande cha 15 kila mtu alikuwa anachezea simu yake. Mmoja akasema Rehema hana adabu, mwingine akasema amekuwa mnyonge. Nimekosea wapi? Nataka binti asiyeogopa mtu, lakini mama zetu nao wampende.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeusoma muswada wako wote, na jambo la kwanza nikwambie kwamba Rehema anapendeka. Namna anavyoamka usiku kuroweka mchele, namna anavyohesabu chenji kwa kidole gumba, vile ni vitu vya mtu aliyetazama watu kwa makini. Wenzako hawakumchoka Rehema. Walichoka kwa sababu hakuna tena walichokuwa wanakisubiri. Umewapandisha hasira vipande saba, halafu kofi moja likaimaliza yote, na Salim akaja kufagia mabaki. Kuanzia kipande cha 9 Vanessa hana tena cha kumtishia Rehema, kantini nzima imeshapiga magoti, na wewe umebaki na vipande 52 visivyo na swali.

Hata hao wenzako wawili waliopingana wameona kitu kimoja. Aliyesema hana adabu ameona kofi. Aliyesema amekuwa mnyonge ameona gari la Salim. Rehema kapiga kama wanavyopiga wao, kisha ushindi akapewa na mwenye pesa. Hakuna mahali katika vipande vile viwili ambapo yeye mwenyewe ameshinda kwa kitu kilicho chake.

Najua ulikolitoa kofi hilo, na si aibu, kwa sababu ndivyo tamthilia hizi zilivyojengwa. Zilikulia China, zikitokana kwa sehemu kubwa na hadithi za mtandaoni zilizosomwa sura kwa sura. Mwaka 2024 mapato yake huko yalipita yuan bilioni 50, zaidi ya mauzo ya tiketi za sinema za nchi nzima mwaka huo, yaliyokuwa takriban bilioni 42.5. Mwaka 2022 kampuni ya Crazy Maple Studio ya California ilizindua ReelShort, na tangu hapo mtindo huu umeenea kila penye simu na bando. Vipande ni 60 hadi 100, dakika moja au mbili kila kimoja, vya mwanzo bure, vinavyofuata vya kulipia. Sasa tazama wanapoweka lango la malipo. Mara nyingi ni pale steringi alipodhalilishwa na mkono wake umeanza kunyanyuka. Mtazamaji analipa ili aone kofi likirudi. Likisharudi, waandishi wanaleta fedheha mpya, mkwe mpya, hasimu mpya, na mkono unanyanyuka tena.

Wao wanaweza kurudia hivyo mara kumi na tano kwa sababu steringi wao huwa ana siri. Anaonekana mfagizi kumbe ni mrithi wa kampuni, anaonekana mke aliyetelekezwa kumbe babake ndiye mwenye jengo. Mtazamaji anajua, waonevu hawajui, na raha yote iko katika kusubiri wajue. Rehema wako hana siri. Ni maskini kweli, na kesho asubuhi ataamka akiwa maskini. Ukimpa ukali wa mrithi aliyejificha, ukali ule hauna kitu nyuma yake, na hapo ndipo unapolazimika kumwita Salim. Mimi nakusihi usimtafutie babake tajiri. Binti ambaye kweli anaweza kupoteza kila kitu na bado hakubali kudharauliwa ana uzito ambao mrithi wa kujificha hawezi kuufikia.

Mfano wa binti huyo tunao, na hatuna haja ya kuuagiza mbali. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Alikuwa akibeba vyungu alivyofinyanga mamake na kuvitembeza, na sauti yake ya kunadi ndiyo iliyotangulia kujulikana kabla ya jina lake. Mwaka 1911 alihamia mjini. Alipoanza kupata jina katika taarabu, mahasimu wake walimtungia wimbo: kwamba amekuwa mtu lini huyu, aliyekuja mjini na kaniki, nguo nyeusi ya maskini, na kama si sauti angekula nini. Ni uonevu hasa, hadharani, kwa wimbo unaoimbika na kila mtoto wa mtaani.

Yeye alijibu kwa wimbo pia. Hakukana kaniki, wala hakudai kwamba yeye ni mzuri kuwashinda. Alisema hoja si sura wala ukoo mkubwa, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Angalia alichokifanya: wenzake walimpimia kwa mizani ya sura na nasaba, na kwenye mizani hiyo asingeweza kushinda, basi akaikataa mizani yenyewe. Na jibu hilo mama yeyote wa Pwani atalipokea kwa vigelegele, kwa sababu halina tusi hata moja na bado aliyeambiwa hana pa kujificha.

Hicho ndicho Rehema anachokosa katika kipande cha 8. Vanessa anamwambia, kwa maji yale, kwamba wewe ni muuza vitumbua tu. Kofi linajibu kwamba mimi pia naweza kukuumiza. Hilo halijibu neno la Vanessa. Jibu lenyewe ni kwamba ndiyo, nauza vitumbua, na wewe unavila.

Kabla sijakuonyesha namna ya kuliandika, tuutazame uonevu wenyewe, kwa sababu waandishi wengi huuandika kama ugomvi wa watu wawili. Dan Olweus, Msweden aliyefanya kazi Bergen, Norway, alianza kuuchunguza uonevu wa shuleni miaka ya 1970, na vigezo vyake vitatu bado vinatumika: kuna nia ya kuumiza, kunarudiwa mara kwa mara, na anayeumizwa ana nguvu ndogo kiasi kwamba ni vigumu kujitetea. Hiyo nguvu si misuli. Kwa Vanessa ni marafiki wawili, ni babake anayejulikana na mkuu wa chuo, ni uhakika kwamba yeye akisema na Rehema akisema, atasikilizwa yeye. Kipande chako cha 3 kinaionyesha vizuri. Cha 8 kinaisahau: kofi linapigwa na nguvu yote ya Vanessa inayeyuka bila sababu.

Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake huko Finland walionyesha kwamba katika uonevu karibu kila aliyepo darasani ana nafasi yake. Yuko anayeongoza, wako wanaomsaidia, wako wanaochochea kwa kucheka, wako wanaojitenga na kujifanya hawaoni, na wako wachache wanaomtetea anayeonewa. Watafiti wa Kanada nao waliwarekodi watoto wa shule za msingi za Toronto kwa kamera na vinasa sauti wakiwa kwenye viwanja vya michezo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Katika matukio ya uonevu waliyoyanasa, asilimia 88 yalikuwa na watoto wengine wakitazama. Waliingilia kati katika asilimia 19 tu. Lakini walipoingilia, katika asilimia 57 ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Sekunde kumi, mwanangu. Wewe una sekunde tisini. Wale walikuwa watoto wadogo na wako ni watu wa chuo, ila kantini yako ina watu thelathini na hujamwandika hata mmoja wao. Umeandika "watu wanacheka". Nani anacheka? Nani anacheka kwa kuwa anaogopa kuwa wa pili? Nani ameinamisha macho kwenye sahani? Drama yako imelala pale, kwenye zile meza, na wewe kamera umeielekeza kwa wasichana wawili tu.

Basi kiandike kipande cha 7 hivi, au kwa namna yako itakayofanana na hivi. Maji yanamwagika. Kicheko. Rehema anasimama, maji yanamdondoka kidevuni. Kitu cha kwanza anachofanya ni kufunika ndoo yake ya vitumbua, kwa sababu ndani yake mna ada. Kisha anatoa daftari dogo alilolifunga kwenye nailoni, la madeni, analolibeba tangu kipande cha kwanza. Anafungua ukurasa.

"Vanessa. Jumatatu vitumbua vinne. Jumanne vinne. Jana sita, ulisema una wageni. Kimoja mia tatu. Elfu nne na mia mbili."

"Unanidai mimi?"

"Nakudai. Doreen tulishamalizana."

Na hapo kamera iende kwa Doreen. Doreen alikuwa anacheka, sasa amenyamaza, na Vanessa amegeuka kumtazama. Kata. Hilo ndilo lango lako la malipo kama unalihitaji. Mtazamaji hasubiri kofi, anasubiri kujua kama kundi la watu watatu bado ni la watu watatu.

Kipande cha 8 kinaanza kwenye ukimya uleule. Msichana mmoja aliyekuwa kwenye foleni, hatujawahi kumsikia akisema neno, anaweka sarafu mezani. "Rehema, mimi mia sita yako." Ni hayo tu. Hajamtetea kwa hotuba, hajamkemea Vanessa. Amelipa deni lake mbele ya watu, na kwa kulipa amesema kwamba mwenye ndoo ile ni mtu wa kulipwa. Baada yake mwingine anajipapasa mfukoni. Vanessa akiona hivyo anatupa noti ya elfu kumi sakafuni. "Chukua. Baki na chenji."

Waandishi wengi hapa wangemfanya Rehema aikanyage ile noti aondoke. Mimi nasema aiokote. Ni hela yake, ameamka usiku kuitafuta, na kuinama kuokota chako hakumpunguzi mtu. Aiokote, aipanguse, kisha ahesabu chenji, elfu tano na mia nane, sarafu kwa sarafu, kwa vidole vilivyolowa, bila haraka. Wakati wote huo Vanessa amesimama. Akiondoka ameshindwa, akibaki anasubiri chenji kwa muuza vitumbua mbele ya watu thelathini. Rehema anaweka sarafu ya mwisho mezani na kusema, "Kesho kutakuwa na vya nazi." Hiyo ndiyo raha uliyokuwa unaitafuta kwenye kofi, na hii haimwishii Rehema mkononi, kwa sababu kesho atakuja tena na ndoo na kila mtu atakuwa anamwangalia Vanessa atafanya nini.

Vanessa lazima afanye kitu, na kiwe kibaya kuliko maji. Usimwache ajibu kwa fujo, atumie nguvu ile ya kweli niliyoitaja. Kipande cha 9 mlezi wa hosteli anabandika tangazo: biashara ya vyakula vyumbani marufuku, kuna malalamiko ya usafi. Hakuna jina la mtu kwenye tangazo. Rehema anasoma, anahesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani, na sote tunajua kwamba asiyemaliza ada hataingia chumba cha mtihani. Ujasiri wake umemgharimu. Bila gharama hiyo yule binti wa kantini anabaki maneno matamu tu. Ikishakuwepo, kila anapofungua mdomo tena mtazamaji anamwogopea, na mtu anayemwogopea hachezei simu yake, ameikodolea macho.

Sasa Salim. Nitakaa naye kidogo kwa sababu umeandika tamthilia ya mapenzi, na kusema kweli mapenzi ndiyo yaliyo dhaifu zaidi kwenye muswada.

Hadithi za aina hii zina ukoo. Mwaka 1992 Japani ilianza kuchapishwa katuni ya Yoko Kamio, Hana Yori Dango, ya msichana wa familia ya kawaida anayewasimamia wavulana wanne matajiri wanaoitawala shule yao. Kiongozi wa waonevu ndiye anayekuja kumpenda. Taiwan waliigeuza tamthilia mwaka 2001, Korea Kusini mwaka 2009, na ile ya Korea wengi wetu tuliiona. Nguvu ya hadithi ile ni kwamba msichana alisimama kwanza, peke yake, ndipo mapenzi yakafuata. Udhaifu wake, kwa jicho langu, ni kuwafundisha mabinti kwamba anayekutesa huenda moyoni anakupenda. Wewe umekwepa hilo, na umefanya vyema. Lakini umeangukia upande wa pili: mwanaume anayefika na gari baada ya yote na kumaliza kila kitu kwa tamko. Tena anatangaza uchumba ambao Rehema hajaulizwa. Rudi ukaisome sentensi ile. Vanessa alimfanyia Rehema jambo mbele za watu bila ridhaa yake, na Salim amefanya vilevile, ila yeye amevaa manukato.

Mweke Salim kantini. Awepo tangu maji hayajamwagwa, meza ya tatu, amekaa na watu wa familia kama yake. Aone kila kitu. Asifanye lolote, aangalie sahani. Mtazamaji atamkasirikia, na ni vizuri amkasirikie, kwa sababu yeye mwenyewe amewahi kuwa meza ya tatu. Kipande cha 11 Salim anamfuata Rehema na bahasha ya hela ya ada. Ana huruma ya kweli. Rehema anaitazama bahasha, anaihitaji kuliko kitu chochote duniani, na anamwambia, "Siku ile ulikuwa meza ya tatu. Sikukusikia." Anaondoka. Hapo mapenzi yameanza, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyemwambia Salim jambo ambalo fedha ya babake haiwezi kulifuta.

Atalifutaje? Kwa kutoa ushahidi. Kesi ya usafi inapofika ofisini kwa mlezi, Vanessa anadai Rehema ndiye aliyeanzisha fujo kantini, na watu thelathini hawakumbuki kitu. Salim anaingia anasema nilikuwepo, niliona, aliyemwaga maji ni Vanessa. Ili iwe na thamani, imgharimu naye: babake na baba Vanessa wana biashara pamoja, na jioni ile simu ya nyumbani italia. Akitoka ofisini asimshike Rehema mkono wala asitangaze chochote. Amesema alichokiona, basi. Mtazamaji wa kike akimwona mwanaume anayesema alichokiona, akijua kitamwumiza, atampenda bila wewe kumwandikia sentensi hata moja ya mahaba.

Halafu wape furaha! Muswada wako una machozi vipande vingi mno. Biashara ikisharuhusiwa tena, Salim aje saa kumi alfajiri akitaka kujifunza. Aunguze vitumbua, vishikane kwenye chuma kama lami, Rehema acheke mpaka akae chini. Mpaka hapo hatujawahi kumsikia akicheka hivyo. Binti mkaidi asiyecheka anachosha upesi. Tena mpe mtu wa kucheka naye mapema, kabla Salim hajaja: yule msichana wa mia sita anaweza kuwa rafiki yake, na urafiki wao uwe na vipande vyake, si wa kupokea siri za Salim tu.

Kuhusu adabu, mama zetu hawamchukii binti asiyeogopa. Wanamchukia anayewadharau waliomzidi umri na anayefurahia kuumiza. Basi Rehema amwamkie mlezi wa hosteli shikamoo siku ileile aliyobandika tangazo, asimame wima, na baada ya shikamoo aseme, "Mama, naomba nisikilizwe na mimi." Hilo litamtia mlezi aibu kuliko kelele. Kwa Vanessa asitukane, asimguse mamake, asiguse sura wala mwili wake. Fimbo yake ni ukweli anaoweza kuuthibitisha: daftari, siku, idadi. Na ukitaka kuongeza utamu wa kwetu, siku ya kufungua biashara upya avae kanga yenye jina linalosema yote, apite mbele ya Vanessa akimsalimu vizuri tu. Hakuna mwanamke wa Pwani atakayehitaji kuelezwa.

Kofi lenyewe, kama bado linakuwasha, liweke mbali, karibu na kipande cha 40, na liwe kosa. Vanessa aseme neno kuhusu mama Rehema aliye mgonjwa, mkono umtoke Rehema, na apoteze kwa sekunde moja heshima aliyoijenga mwezi mzima. Wale watu thelathini ambao sasa wako upande wake washtuke. Hapo una vipande kumi vya mtu kujirekebisha.

Vanessa umemwandika kama shetani, na shetani hana siri. Usimtafutie udhuru, mpe sababu tu. Binafsi nafikiri Doreen ana utajiri zaidi kwako kuliko yeye. Doreen ndiye anayecheka kwa hofu, ndiye aliyelipa deni lake kwa siri ili Vanessa asijue kwamba anamheshimu muuza vitumbua. Siku Doreen atakapoacha kucheka kabisa ndiyo siku Vanessa anapoanguka, na wala haihitaji Rehema awepo. Huyo wa tatu, Leila, unaweza kumwondoa. Sioni anachofanya.

Kipande cha 33 umemfanya Rehema asambaze video ya Vanessa akilia chooni. Kiondoe. Kwanza hapo yeye ndiye amekuwa mwonevu na wewe mwandishi hujaonyesha kwamba unalijua hilo. Pili, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo, na watazamaji wako wengi ni wanafunzi watakaoiga anachofanya wanayempenda. Kwa sababu hiyohiyo, tafuta mahali mwishoni mwa kipande kimoja uweke namba 116 ya bure, ya msaada kwa watoto, ambayo inapatikana Tanzania na Kenya. Wapo watakaotazama kipande cha 7 wakiwa na maji yao wenyewe kichwani.

Jambo la picha. Unapiga kwa simu iliyosimama wima, fremu nyembamba, na watu thelathini hawaenei kwa upana. Wapange kwa kina: Rehema mbele, uso wake umejaa, na nyuma ya bega lake meza moja baada ya nyingine mpaka mlangoni. Kicheko kisikike zaidi kuliko kuonekana. Kikikatika, acha sauti ya maji yanayodondoka na sarafu zikigonga meza, usiweke muziki. Waongozaji wengi wa tamthilia hizi wanaogopa ukimya. Wewe una daftari, ndoo na sarafu, vitu vitatu vyenye sauti nzuri, vitumie.

Mwisho, usiwasomee tena wenzako peke yao. Mwaka 1996 idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzisha Tuseme, mradi uliowakuta mabinti mashuleni, wakachambua wenyewe yanayowanyanyasa, wakayatungia michezo ya kuigiza, na baada ya mchezo watu wakajadili. Chukua njia hiyo. Tafuta shule ya sekondari au chuo kitakachokuruhusu, waigizie kipande cha 7 mpaka maji yanapomwagika, kisha simamisha. Waulize mabinti waliokaa mbele yako: angekuwa wewe, ungefanyaje? Usiwape daftari la madeni, usiwape kofi. Andika wanachosema kwa maneno yao, hasa wale wanaosema kwamba wangeondoka tu bila kusema kitu, na uwaulize wangekwenda wapi baada ya pale, na wangemwambia nani. Majibu hayo yatakupa kipande cha 9 kilicho bora kuliko nilichokuandikia mimi. Ukishakiandika, nitumie.